Mahari ya Kuingia mu Mufuko

Watoto wa ajansi, tangu niwarudishie funguo na kofia, simu yangu hailali. "Mama Kilo, mizani inakataa kurudi ku zero!" Mugonge mguu wake wa kushoto, itarudi. "Mama Kilo, kuko papa mumoja anakataa kupimwa na nyanya zake!" Mumuache apande nazo ku kichwa, ataona kama nyanya za ku kichwa hazina kilo. Lakini juzi Neema, yule aliyechukua nafasi yangu, aliniuliza swali lenyewe: "Mama, ninunue kisu gani ya kutembea nayo kila siku?" Nilicheka mpaka jirani akachungulia ku lupango, ku ua wetu, kuuliza kama kuko habari njema. Kuko, nikamwambia. Sasa nakaa chini niandike.

Habari ya vyeo na mishahara nitaipita. Mulikuwa munaona nguo zangu, munajua yote.

Siku ya kwanza nilikuja ku uwanja wa ndege wa Bunia na viatu vya visigino virefu, juu niliambiwa ni kazi ya ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa mizani moja ya chuma, kivuli cha bati, na Papa Udaga. Huyu alikuwa mukubwa wa mizigo, muzee mwembamba wa kutoka Mahagi, mutu wa maneno machache na kicheko kirefu. Aliangalia visigino vyangu, akaangalia changarawe, akaangalia mbingu.

"Uko na kisu?" akaniuliza.

"Hapana, papa. Nilileta kalamu."

"Kalamu tutakupa. Kisu, mutu anakuja nayo mwenyewe."

Nilifikiri ananitania. Kumbe hapana. Mbele ya saa sita nilikuwa nimeazima kisu chake mpaka nikaona haya. Kukata kamba, kufungua gunia lililoshonwa, kuachilia mbuzi aliyejinyonga na kamba yake, kukata uzi wa kufungia karatasi za mizigo, kumenya muwa wa kula. Jioni alinipokonya kisu polepole, namna unavyomupokonya mutoto kijiko, na akaniambia kesho nije na changu.

Kesho nilikuja na kisu chekundu. Aka! Kilikuwa kizuri jamani, chekundu kama rangi ya kucha, nilikinunua ku soko juu ya ile rangi tu. Kamba ya kwanza, kikajifunga chenyewe juu ya kidole changu. Papa Udaga alinifunga kidole na ile gundi ya kufungia makartoni, akacheka kicheko chake chote, akakitupa kisu mu shimo la takataka bila kuniomba ruhusa. Cha pili kilikuwa kisu cha jikoni. Nilikifunga mu kiuno ndani ya kikwembe, nikaenda vizuri mpaka saa ine, halafu nikakaa chini. Hapo sitaeleza zaidi.

Basi akanifundisha. Hakunifundisha na hotuba. Alichukua visu vya wapakizi wote, akaviweka juu ya mizani, akaniambia nichague. Nikachagua kikubwa. Akakichukua, akakitikisa karibu na sikio langu vile mama anatikisa yai. Tika-tika-tika. "Unasikia? Ule wembe unacheza. Unaocheza leo, kesho utakukata." Akaniambia nipime wembe na kidole changu cha kati: usikipite. Mupini uwe wa muti, juu plastiki na jasho ni ndugu wabaya. Ukikifungua, kiseme tak! mara moja na kinyamaze. Na kiwe na wembe mumoja. "Kisu yenye kazi kumi," alisema, "haijui hata moja." Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, Papa Udaga aliongeza, na mwenye kisu kibaya njo nyama yenyewe.

Halafu vita ikaja.

Sitawapigia hesabu ya vita, mulizaliwa ndani yake. Nitasema tu vile ilifanya ku kazi yetu: barabara zilikufa. Ya Mahagi ilijaa barieri za wenye bunduki, ya Mambasa vilevile, na ndege ikawa barabara. Kila kitu kilipanda. Magodoro yalipanda, mbuzi walipanda, bibi wazee waliokuwa hawajawahi kupanda hata pikipiki walipanda wakiwa wamefumba macho. Papa mumoja alikuja na mulango. Mulango wa nyumba, na bawaba zake! Nikamwambia, papa, mulango huu unaupeleka wapi? Akanijibu, "Nyumba iliungua, yeye akapona. Sasa nimuache?" Niliupima ule mulango na heshima yote, na nikamupunguzia kilo.

Jina langu la nyumbani linapatikana ku pande zote mbili zilizopigana kule Djugu. Ukilisikia huwezi kujua mi ni mutoto wa nani, na ile wakati hiyo ilikuwa baraka kubwa kuliko diplome.

Wakubwa waliokuwa wanashika uwanja walibadilika mara mingi, kuzidi hali ya hewa. Wamoja wao walitoa amri: hakuna chuma chenye makali kupanda mu ndege. Wembe, hapana. Makasi, hapana. Kisu cha kumenya chungwa, hapana kabisa. Wao wenyewe walipanda na bunduki zao mabegani, lakini chungwa, jamani, chungwa ilikuwa hatari! Na waliapa: siku wakikamata kisu kimoja ndani, ndege haitaruka, na abiria wote watashuka. Hiyo haikuwa mchezo. Kuna watu walikuwa wanalala ku majani ya uwanja wakingoja nafasi.

Kazi ya kupekua mifuko ikaangukia mimi. Papa Udaga alitengeneza sanduku ya mbao. Kila kisu nilikifunga na kitambaa chenye jina la mwenyewe, nikakilaza mule mpaka arudi. Wengine walirudi, nikawapa kisu chao kimepakwa mafuta, wakanikumbatia mbele ya bibi zao. Wengine sijawaona tena. Hivyo nilijua visu vya Ituri yote: vya wavuvi, vya wachinjaji, vya mapadri (mapadri wanajua kuchagua, niwaambie). Vyote vilipita mu mikono yangu na hakuna hata kimoja kilikuwa changu. Mi nilikuwa bado naazima cha muzee.

Ni ku mizani ile ile nilipima Giramia.

Alikuwa muchuuzi wa samaki wakavu, kijana wa ziwani upande wa Mahagi, mwembamba kama fimbo ya bendera. Akapanda ku mizani, sindano ikakimbia mpaka ku kilo za muke munene wa katekista. Nikamwangalia. Alivaa makoti matatu, jua la saa saba.

"Papa, weye unanuka ziwa zima."

"Ni mwili tu, mama. Tulizaliwa vile."

Nikaazima kisu cha Papa Udaga, nikakata uzi mumoja tu ku koti ya juu. Ee Mungu wangu! Samaki walianguka, walianguka, mpaka piloti akashuka kuangalia. Mulolongo wote ulicheka, na yeye alicheka kuwapita wote. Hapo moyo wangu ulifanya kitu, sijui niite namna gani. Juma lililofuata alirudi bila samaki na bila safari. Alitaka kupimwa tu. Juma lingine tena. Papa Udaga akamwambia, "Kijana, huyu mutoto hapimi mutu bure. Tuma wazee."

Wazee wake walikuwa nyuma ya barieri, hakuna wa kutuma. Ikabidi Papa Udaga mwenyewe asimame kama baba yake. Mi nikasema asante Yesu, mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza.

Tulikuwa tunakaa ku mutaa wa Rwambuzi. Baba yangu alisema ng'ombe za mahari zitangoja amani, juu hata akizipata leo, kesho zitatembea zenyewe na watu tusiowajua. Kila mutu akakubali. Halafu macho yote yakageukia Mujomba.

Mujomba ni kaka mukubwa wa mama yangu. Alikuja kwetu kutoka Djugu na redio moja na fimbo moja. Vingine vyote vilibaki mu moto. Na kwetu mutoto muke hatoki ku nyumba kama mujomba hajapokea haki yake. Ukimupita, wazee wanasema mimba zitakataa. Mi sikuwa na hamu ya kujaribu.

"Mbuzi nitamufunga wapi?" Mujomba aliuliza, mupole kabisa. "Koti niko nayo. Jembe, nilime wapi? Mi nataka kitu ya kuingia mu mufuko. Kitu nikikimbia, inakimbia na mi. Munipe kisu. Lakini kisu ya kweli, ya kutembea nayo kila siku mpaka nife."

Watu wakacheka kwa furaha: kisu tu! Mi, nyuma ya pazia pamoja na mama, sikucheka. Nilimujua Mujomba. Huyu ni mutu aliyerudisha jembe jipya dukani mara tatu juu ya sauti yake.

Na aliongeza neno moja. Mutoto wake wa Aru alikuwa amemupatia nafasi mu ndege, atapanda mwisho wa juma. "Nikipanda bila haki yangu, muningoje nirudi."

Asiyekuwapo na lake halipo. Ile wakati mutu akipanda ndege, nani alijua kama atarudi, ao kama sisi wenyewe atatukuta? Mama akanishika mukono akasema subira huvuta heri. Nikamwambia mama, subira na ivute haraka basi!

Kisu cha kwanza Giramia alikileta kesho yake, kinang'aa, kimejaa vitu. Bibi harusi hasemi neno siku kama hizo. Anakaa nyuma ya pazia anasikiliza. Nilichungulia ku tundu nikafumba macho. Mujomba alikifungua kimoja kimoja: kijiko, kamakasi, kamsumeno. Akafika ku chuma kilichojikunja.

"Hii ya kuzunguka kama mukia ya nguruwe ni ya nini?"

"Ni ya kufungua divai, Mujomba," Papa Udaga akajibu, na sauti yake ilionyesha alimwambia kijana asikilete.

"Divai iko wapi?"

Giramia akaangalia chini ya meza.

"Basi muende mutafute divai, ao mutafute kisu."

Cha pili kilikuwa cha kuruka. Unabonyeza, wembe unaruka wenyewe. Nilianza kukohoa nyuma ya pazia kama mugonjwa wa kifua, ili Giramia asikitoe. Mama akanipiga kiwiko. Akakitoa. Mujomba akabonyeza, akashtuka, kikaruka kutoka mu mukono wake kikasimama ku ubao wa meza, kinatetemeka. Sote tulikiangalia mpaka kikatulia.

"Na hii wakinikamata nayo ku barieri," Mujomba akasema, "ni weye utakuja kunizika? Maana weye njo utakuwa umeniua."

Giramia alizunguka Bunia yote. Mu mji uliokuwa na bunduki mingi kama mahindi, kisu kimoja cha maana kilikosekana! Maduka yalikuwa yamevunjwa, na vilivyobaki ni vya bati. Akanifuata ku kazi, macho mekundu, akaangalia sanduku.

"Leoni, mule viko vingi vinalala tu. Toa moja."

"Kila moja iko na mwenyewe."

"Wengine hawatarudi, unajua."

"Na mwenyewe akirudi nimwambie nini? Nilikuwa na kisu yako, papa, lakini niliolewa nayo?"

Alikasirika. Mi pia nilikasirika, na nikikasirika sauti yangu inafika mpaka ku pisti, kule ndege zinatua. Aliondoka bila kusema kwaheri. Kesho yake hakuja kupimwa, na siku iliyofuata tena hakuja. Nilipanda mwenyewe ku mizani: nilikuwa nimepungua kilo. Papa Udaga aliona, akajifanya anahesabu magunia.

Halafu, ikibaki siku moja tu safari ya Mujomba ifike, saa kumi ya jua, Giramia akaingia ku lupango yetu. Mi nilikuwa nimerudishwa nyuma ya pazia mbio mbio, unga wa bugali bado ku mikono. Sikuona kitu, tundu la pazia lilikuwa limezibwa na kichwa cha mama. Nilisikia tu.

Tak!

Mara moja, na kikanyamaza. Mama yangu! Nikamusukuma mama na heshima kidogo, nikaona: mupini wa muti wa rangi ya asali, umelainishwa na mikono ya mutu, wembe mumoja, pete ya chuma ku shingo ya kushikilia wembe usijifunge. Kisu cha kazi. Kisu ambacho hata mi nisingelichagua vizuri zaidi.

Mujomba alikitikisa ku sikio. Kimya. Akamenya chungwa, ganda likashuka moja, refu, halikukatika mpaka chini. Akakata kamba ya mbuzi, shwi. Akakitia mu mufuko, akazunguka lupango yote na fimbo yake, akarudi, akaanza kutafuta juu ya meza, chini ya meza. "Kisu iko wapi?" Baba akamwambia, Mujomba, si mu mufuko yako? Akajipapasa, na uso wake ukafunguka namna sijauona tangu afike kutoka Djugu.

Halafu akaangalia chini. Giramia alikuwa amevaa sapatu za plastiki, moja ya bluu, moja ya kijani.

"Kijana. Viatu yako ya ngozi iko wapi?"

"Iko mu mufuko yako, Mujomba."

Alikuwa ameviacha kwa fundi mumoja wa mutaa wa Ngezi, mujengaji, mwenye kile kisu miaka mingi, aliyekataa kila kitu mpaka alipoona vile viatu. Viatu vya harusi! Mujomba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akacheka tena, akasema, "Nimepokea." Mama akapiga kigelegele, majirani wakaitika. Kuku alikuwa ku moto. Mi nilikuwa nacheza mwenyewe nyuma ya pazia, mikono ya unga juu, kama mwenda wazimu.

Na risasi zikaanza upande wa mutaa wa Lumumba.

Munajua vile inakuwa. Hakuna aliyeaga. Tulilala chini, halafu tukakimbia kila mutu na njia yake, na tulipokusanyika tena asubuhi, sufuria ilikuwa nyeupe. Nani alikula yule kuku, mpaka leo naomba Mungu anionyeshe.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa ndipo penye maneno. Kwetu kupokea ni nusu. Mali inapokelewa, halafu watu wanakula pamoja, pande zote mbili, na hapo ndiyo imekwisha. Mali iliyoliwa hairudi. Mali ambayo haijaliwa, ikigusa tena mukono wa upande wa bwana ao wa binti mwenyewe, imerudishwa, na binti amerudi kwa baba yake. Siye hatukula. Na ndege ya Aru ilikuwa inangoja.

Mujomba alikuja ku uwanja na redio, fimbo, na tabasamu. Giramia alimubebea redio, ku miguu zile sapatu zake mbili. Mi nilikuwa ku mizani, macho yamevimba, lakini kazini. Mbele ya Mujomba kulikuwa na mama mumoja munene wa Nyankunde na nanasi kubwa kama kichwa cha mutoto. Kikapu chake kilizidi kilo. Nikamwambia aliache nanasi. Akaniambia, "Bora nikuache weye hapa, si nanasi." Nikamuweka pembeni afikiri.

Mujomba akapanda. Nikaandika kilo zake. Nikapapasa mufuko wa kulia, hakuna. Wa kushoto. Na mukono wangu ukakutana na ule mupini.

Kusema kweli, nilikuwa nimekisahau! Kisu chenyewe ambacho kilininyima usingizi, nilisahau kama kitapita mbele yangu, mbele ya mukono wangu mwenyewe. Na yeye alisahau kabisa kama kiko naye. Si ndicho alichokitaka?

"Mujomba," nikasema polepole, "visu havipandi."

"Ninajua. Lakini weye ukiikamata, umerudi kwa baba yako."

"Basi Papa Udaga aikamate."

"Mi ni baba ya bwana," Papa Udaga akasema, na akaweka mikono nyuma ya mugongo, mbali. "Mi nikigusa, ni ileile. Na sanduku nayo ni ya mukono wangu."

Giramia alikuwa tayari amerudi nyuma hatua moja, amekumbatia redio, kama kisu kingemurukia. Ku mulango wa pisti wakubwa wa uwanja walikuwa wanaangalia. Piloti alionyesha saa yake. Mulolongo nyuma ulianza kunung'unika: kuna mama na watoto mapacha, kuna muzee amelala pale tangu juzi. Kisu kikipanda, wote hao watashuka. Kisu kikishuka mu mukono wangu, mi sina bwana. Na Mujomba akibaki, nafasi ya ndege ingine, nani angempa? Nililia. Nililia pale pale ku kazi, mbele ya abiria, mi Mama Kilo ambaye nilikuwa nakaripia hata makoloneli.

"Ni nini inafanyika hapa?" akauliza yule mama wa nanasi. Watu wa Ituri hawawezi kuona mutu analia bila kujua sababu. Papa Udaga akamueleza kwa maneno machache. Mama akatusikiliza, akatuangalia mumoja mumoja kama wanafunzi waliofeli hesabu.

"Hamukula tu, njo shida?"

"Njo shida, mama."

"Na hii ni nini?" Akalipiga nanasi lake kofi kama mutu anavyopiga ngoma.

Weee! Mujomba hakungoja. Alikaa juu ya mizani yenyewe, akafungua kisu, tak! na akakata lile nanasi namna fundi anavyokata. Maganda yalianguka, maji yalitiririka ku chuma, harufu ikajaa kivuli chote. Kipande cha kwanza alimupa Papa Udaga, kama mukwe kwa mukwe. Cha pili Giramia, aliyeweka redio chini mwishowe. Cha tatu mi. Mama wa mapacha akapewa, muzee aliyelala akaamushwa akapewa, piloti alikuja kukasirika akapewa. Hata mumoja wa wale wakubwa wa uwanja akatafuna, bunduki ku bega, maji ya nanasi ku kidevu. Papa Udaga akauliza kwa sauti ya mukutano, "Wa upande wa binti, mumekula?" Abiria wote wa Aru wakaitika, "Tumekula!" Hawakunijua hata mumoja! "Wa upande wa bwana?" "Tumekula!" wakaitika tena walewale.

Mujomba akapangusa wembe ku suruali, akafunga, akaninyooshea.

"Sasa kamata."

"Mujomba, ni haki yako hii."

"Haki yangu nimeikula. Hii iliyobaki ni kisu tu, na kisu inafaa mutu wa kazi." Akaniwekea mu kiganja, akakunja vidole vyangu juu yake. "Na sasa uko muke wa mutu. Acha kulia, unalowesha karatasi."

Sikukifunga kitambaa. Sikukitia mu sanduku. Nilikitia mu mufuko wangu, Neema, na kimekaa mule miaka yote ya kazi, na sasa hivi kiko mezani hapa karibu na hii karatasi.

"Na kilo za kikapu?" piloti akauliza, bado anatafuna.

"Zimeliwa," nikamwambia.

Ku ngazi ya ndege Mujomba aligeuka akapiga kelele kwamba atarudi kuangalia kama ninakinoa, na alirudi, na aliangalia, na hakuridhika. Giramia alikuwa amesimama pembeni ya mizani na sapatu zake za rangi mbili, anaramba vidole, ananiangalia kama mi ndiye niliyetoka kushuka mbinguni. Mi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, pua yote maji, siwezi hata kusoma sindano. Papa mumoja akapanda ku mizani, ametulia, kofia ku mukono.

"Mama," akaniuliza, "siye wengine tunapimwa tu, ao tunaolewa pia?"

"Simama sawasawa, papa," nikamwambia. "Mi nimeolewa sasa hivi, lakini kazi ni kazi. Toa kisu."